Mchezo mmoja, nakala kadhaa: Kwa nini wapenzi wa modi hutenga folda zao

Mwezi Aprili 2024, kundi la watu wa kujitolea lililokuwa likitengeneza kazi kubwa iitwayo Fallout: London lililazimika kuahirisha siku ya kuitoa. Tarehe iliyokuwa imetangazwa ni 23 Aprili. Kilichowakwamisha ni mchezo ambao ndio msingi wa kazi yao, Fallout 4, ambao kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitangaza kuusasisha tarehe 25 Aprili, siku mbili tu baadaye. Fallout: London ikatoka hatimaye tarehe 25 Julai, miezi mitatu baada ya siku ya kwanza iliyopangwa.

Katika makala hii tunaeleza jinsi sasisho moja linavyoweza kuvuruga kazi ya miaka, na jinsi mchezaji wa kawaida anavyoweza kujikinga kwa kutunza nakala zaidi ya moja ya mchezo uleule kwenye kompyuta yake.

Modi ni nini?

Modi ni faili zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe ili kubadilisha mchezo uliotolewa na kampuni. Modi ndogo hubadilisha rangi ya nguo au sauti ya bunduki. Modi kubwa huleta ramani mpya, wahusika wapya na hadithi nzima. Fallout 4, uliotolewa Novemba 2015, unachezwa katika jiji la Boston na maeneo yake baada ya vita vya nyuklia. Fallout: London inauhamishia mchezo huohuo Uingereza. Inatolewa bure, lakini anayeitaka lazima awe amenunua Fallout 4.

Kwa nini sasisho huharibu modi?

Modi nyingi za Fallout 4 hutegemea programu ndogo ya ziada iitwayo F4SE. Programu hii hujiunganisha na faili kuu ya mchezo, mahali maalumu ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Kampuni inapoibadilisha faili hiyo, hata kidogo, mahali pale huhama. F4SE ya toleo la zamani hukataa kufanya kazi na toleo jipya, na modi zote zinazoitegemea husimama mpaka watengenezaji wake watoe matoleo mapya. Wengine hutoa baada ya siku chache. Wengine walishaacha kazi hiyo zamani, na modi zao hazitasasishwa tena.

Ndiyo maana wachezaji wengi wa modi walibaki na toleo namba 1.10.163, lililokuwapo kabla ya sasisho la Aprili 2024. Waliokuwa na mchezo kupitia duka la Steam, ambalo kwa kawaida husasisha michezo lenyewe, walilazimika kuurudisha nyuma kwanza ndipo waweze kuweka Fallout: London. Duka la GOG, ambako kazi hiyo ilitolewa, humruhusu mnunuzi kuzima masasisho na kuhifadhi faili za kusakinishia mchezo kwenye diski yake mwenyewe.

Nakala safi na nakala ya kazi

Kanuni ya kwanza ni rahisi: nakala moja ibaki safi. Hiyo ni nakala iliyotoka dukani, isiyoguswa na modi yoyote. Ukishausakinisha mchezo, nakili folda yake yote uipeleke mahali pengine, kisha modi zote uziweke kwenye nakala hiyo ya pili. Steam ikisasisha mchezo, itasasisha ile folda inayoijua yenyewe. Folda uliyoinakili itabaki na toleo lake. Ukiufungua mchezo kutoka humo, Steam bado itahitaji kuwa wazi ili kuthibitisha kwamba umeununua.

Usiweke nakala ya kazi ndani ya folda ya Program Files. Windows huilinda folda hiyo, na programu za modi mara nyingi hushindwa kuandika humo. Folda ya kawaida, kwa mfano kwenye diski D, inatosha. Ipe jina linaloeleza kilichomo, pamoja na namba ya toleo. Baada ya mwaka mmoja utaishukuru namba hiyo.

Je, unahitaji nakala ya tatu? Ndiyo, ikiwa una modi kubwa mbili zisizopatana. Fallout: London hubadilisha mambo mengi kiasi kwamba kuichanganya na modi zilizotengenezwa kwa ajili ya Boston ni kujitafutia matatizo. Ipe folda yake.

Programu za kupanga modi

Zamani modi zilimwagwa moja kwa moja ndani ya folda ya mchezo, iitwayo Data. Faili ya modi moja ilifunika ya nyingine, na kuitoa bila kuacha mabaki ilikuwa kazi ngumu. Leo zipo programu za kupanga. Mod Organizer 2 huweka kila modi katika folda yake nje ya mchezo, kisha mchezo unapofunguliwa huuonyesha kana kwamba faili zote zimo ndani ya Data. Ukiifunga, folda ya mchezo iko kama ilivyokuwa. Programu hiyo pia hukuruhusu kuwa na mipangilio kadhaa iliyotengana, kila mmoja ukiielekea nakala yake ya mchezo.

Vortex hufanya kwa njia tofauti: huunganisha faili za modi na folda ya mchezo bila kuzirudufu. Kwa njia yake ya kawaida, modi na mchezo lazima viwe katika sehemu moja ya diski.

Mchezo wa Minecraft, toleo la Java, ulikwisha kulitatua tatizo hili kwa upande wake. Programu yake ya kufungulia hukuruhusu kuchagua toleo la mchezo na folda ya kila usakinishaji. Modi za toleo 1.12.2 hukaa kwao, za 1.20 hukaa kwao, wala hazigombani.

Mtego wa rekodi za mchezo

Hapa ndipo wengi huumia. Kunakili folda ya mchezo hakutengi rekodi zako, yaani faili zinazokumbuka ulipofikia. Fallout 4 huziweka kwingine, ndani ya Documents, katika My Games, na nakala zote husoma humohumo. Ukifungua kwa bahati mbaya rekodi ya saa mia moja kwenye nakala isiyo na modi zake, kisha ukahifadhi juu yake, huenda usiweze kuirudisha. Hata kuitoa modi moja katikati ya safari huacha mabaki ndani ya rekodi, na athari zake zinaweza kujitokeza baadaye sana.

Katika Mod Organizer 2, washa chaguo la kutenganisha rekodi na faili za mipangilio kwa kila wasifu. Kabla ya badiliko lolote kubwa, nakili folda ya rekodi mahali pengine. Ni faili ndogo, na kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Nafasi na bando

Bethesda ilieleza kuwa Fallout 4 unahitaji gigabaiti 30 za diski. Nakala tatu ni gigabaiti 90 kabla ya kuhesabu modi. Kama diski ni ndogo, hifadhi nakala safi kwenye diski ya nje na uache ya kazi ndani ya kompyuta. Kwa anayenunua intaneti kwa bando, nakala hiyo safi ni akiba: mambo yakiharibika, utanakili kutoka kwenye diski badala ya kupakua upya gigabaiti zote hizo.

Jambo la mwisho: nakala hizi ni za mwenye mchezo. Leseni uliyonunua haikupi ruhusa ya kumgawia jirani folda yako. Modi nyingi ni za bure, lakini mchezo wenyewe si wa bure.