Gitaa la Flamenco: Wakongwe Walianza na Makofi, Wewe Unaanza na Spidi

Ukiingia YouTube ukatafuta flamenco, wa kwanza kumwona ni jamaa anakimbiza vidole kwenye nyuzi kama mhesabu pesa wa benki. Kijana anayejifunza anaangalia ile spidi, anabeba gitaa, anaanza kuiga hapohapo. Wiki ya tatu mkono unauma, kinachotoka ni kelele tupu, gitaa linaegeshwa ukutani na kuanza kula vumbi. Wengi hapo wanajiambia hawana kipaji. Lakini ukicheki historia ya hili gitaa utagundua kitu kingine: ile spidi ndiyo ilikuja mwisho.

Turudi Andalusia, kusini mwa Hispania, miji kama Jerez, Cádiz na Sevilla. Huko waliishi Wagitano, watu wa jamii ya Waroma ambao mababu zao walitokea India na kufika Hispania karne ya 15. Maisha yao hayakuwa mteremko. Mwaka 1499 ilitoka sheria ya kuwalazimisha watulie sehemu moja na wawe na kazi, la sivyo waondoke nchini. Mwaka 1749 serikali ikafanya msako wa nchi nzima, maelfu wakakamatwa, wanaume, wanawake na watoto. Flamenco ilikulia kwa watu hawa na majirani zao maskini wa Andalusia. Na baadhi ya nyimbo zake za zamani kabisa hazina gitaa. Ni sauti ya mtu peke yake, na nyingine zinahusishwa na wahunzi, nyundo ikigonga chuma.

Kwa hiyo gitaa lilimkuta mwimbaji tayari yupo. Lilikuja kama msaidizi.

Kuanzia katikati ya karne ya 19 mpaka miaka ya 1920 flamenco iliingia kwenye kumbi za burudani zilizoitwa café cantante. Hebu vuta picha: watu wanakunywa, wanapiga stori, mwimbaji anapasua sauti, mchezaji anakita visigino kwenye mbao. Maiki hakuna. Spika hakuna. Mpiga gitaa ana nyuzi za utumbo wa mnyama na vidole vyake tu. Atasikikaje?

Hapo ndipo mbinu ambazo leo anafundishwa mtu wa mwanzo zilipopata kazi. Rasgueado ni kufyatua vidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo hadi cha shahada, vikizikwangua nyuzi zote. Gitaa moja linatoa mvumo kama ngoma. Golpe ni kugonga mbao ya gitaa kwa kidole cha pete ili pigo lisikike hata ukumbi ukichafuka. Ndiyo maana gitaa la flamenco lina kibati chembamba cha plastiki chini ya tundu, kuzuia mbao isichimbike. Dole gumba nalo linapiga wimbo kwa nguvu na kutua kwenye uzi unaofuata, sauti inatoka nene. Hata gitaa lenyewe lilitengenezwa kwa mbao nyepesi ya mvinje, mti uliopatikana kwao kwa bei nafuu. Sauti yake ni kali na inakatika haraka, hivyo haimfuniki mwimbaji.

Kitu kilichounganisha yote hayo ni compás, yaani mzunguko wa mapigo. Kwenye soleá unahesabu mpaka 12, na mkazo unakuja kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Kwenye tangos ni 4 tu. Mtoto aliyezaliwa kwenye familia ya flamenco aliyasikia makofi hayo kwenye harusi na ubatizo kabla hajajua kushika gitaa. Alipoanza kupiga, hesabu ilikuwa tayari mwilini. Asiyezaliwa humo ndiye anayepaswa kuitafuta, na njia ni ileile: mikono miwili na kupiga makofi.

Spidi ya solo imekuja baadaye sana. Mwaka 1936 Mgitano mmoja wa Madrid, aliyekuwa amesindikiza waimbaji miaka kibao, alirekodi gitaa peke yake jijini Paris. Mwaka 1975 kijana wa Algeciras akapanda jukwaa la Teatro Real, Madrid, sehemu ya wakubwa. Dunia ikamjua kwa vidole vya moto. Kinachosahaulika ni kwamba utotoni alifundishwa nyumbani na baba yake na kaka yake, na akiwa bado kijana mdogo alizunguka na kundi la wachezaji akiwasindikiza. Kusoma nota haikuwa fani yake. Masikio na compás ndivyo vilivyombeba.

Kwa hiyo anayeanza leo afuate mpangilio wa historia. Kwanza makofi ya tangos, 4 kwa 4, mpaka aweze kupiga huku anaongea. Kisha kodi nne, na siyo zile za TRA: A ndogo, G, F, E, zikishuka kwa mpangilio huo, maana ndizo zinazoleta ile ladha ya Andalusia. Halafu rasgueado polepole, kila kidole kisikike chenyewe. Golpe ifuate. Dole gumba baada ya hapo. Kukimbiza vidole viwili, wanachokiita picado, kuje mwisho, na kwa dakika chache tu kwa siku.

Mwaka 2010 UNESCO iliiweka flamenco kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Watu waliowahi kusakwa nchi nzima, muziki wao leo unalindwa na dunia. Waliufikisha hapo kwa kumsikiliza mwimbaji kwanza, wao wakifuata.

Haya mdau, gitaa lako liko mkononi au liko ukutani?