Marafiki Watatu na Mlima wa Watu

Kuna watu waliwahi kutoroka kambi ya mateka wa vita, si ili wakimbilie kwao, bali ili wakapande mlima. Walipomaliza kuupanda wakarudi wenyewe kambini, wakajisalimisha. Hii si hadithi ya kutunga. Mambo hayo yalitokea Kenya mwaka 1943, na wahusika walikuwa marafiki watatu, Waitaliano, walio ugenini na walio kifungoni: Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti.

Mimi ni mtu wa Nansio. Huku kwetu Ukerewe mlima wa kutisha hatuna. Tuna vilima vya mawe ambavyo mtu anapanda na kushuka kabla ugali haujaiva, na baada ya hapo ni maji, maji, maji. Utasema, sasa wewe wa kisiwani milima ya theluji inakuhusu nini? Inanihusu, na nitaeleza. Tuanze na historia yenyewe.

Mwaka 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, na Mei 1936 yakaingia Addis Ababa. Benuzzi alikuwa mmoja wa watumishi wa serikali ile ya kikoloni. Mwaka 1941 Waingereza pamoja na wazalendo wa Ethiopia wakawatoa Waitaliano, Haile Selassie akarudi katika mji wake mkuu, na maelfu ya Waitaliano wakasombwa hadi Kenya kuwa mateka. Benuzzi akajikuta kambi namba 354 pale Nanyuki, chini ya Mlima Kenya.

Maisha ya kambi ile hayakuwa ya kuchapwa wala kufa njaa. Adui mkubwa alikuwa siku yenyewe. Leo ni kama jana, kesho ni kama leo. Seng'enge huku, seng'enge kule, watu wanacheza karata mpaka wanachoka kuziona. Kisha siku moja mawingu yakafunguka, na Benuzzi akauona mlima umesimama mweupe juu ya msitu. Tangu hapo akawa na jambo moja tu kichwani.

Angalia walivyojiandaa, maana hapa ndipo kijana anapata somo. Hawakuwa na duka wala mfadhili. Nyundo walizigeuza kuwa vishoka vya kukatia barafu. Vyuma vya jalalani vikafuliwa kuwa meno ya kufunga chini ya viatu ili visiteleze. Kamba za katani zilizokuwa kwenye vitanda zikawa kamba za kupandia. Mablanketi yakashonwa nguo za baridi. Chakula walikibana kidogo kidogo kwa miezi. Ramani je? Hawakuwa nayo. Walikuwa na karatasi iliyobanduliwa kwenye kopo la chakula, yenye picha ya Mlima Kenya. Ndiyo hiyo hiyo.

Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka, kwa ufunguo waliouchonga kwa siri. Nyuma wakamwachia mkuu wa kambi barua kwamba watarudi baada ya siku 14. Wakapenya msituni wakifuata mto, wakakutana na tembo na faru bila silaha ya maana mkononi. Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima hata kidogo, akaugua, ikabidi abaki kwenye hema. Benuzzi na Balletto wakajaribu Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199. Theluji na upepo vikawashinda, wakageuka. Tarehe 6 Februari wakafika Lenana, mita 4,985, kilele cha tatu kwa urefu. Wakasimika bendera ya Italia, wakaacha na chupa yenye majina yao. Tarehe 10 Februari walikuwa wamesharudi kambini, njaa imewakausha kama dagaa. Wakahukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao. Walitumikia 7 tu. Mkuu wa kambi alipendezwa na ushujaa wao wa kimichezo.

Niliposoma kitabu cha Benuzzi, nakala ya kuazima isiyo na jalada, niliwasimulia washikaji zangu pale bandarini Nansio, tukisubiri meli ya Mwanza. Mmoja akacheka sana.

"Yaani wametoroka, halafu wamerudi? Hao wajinga bwana!"

Mwingine akakataa. "Sio wajinga. Wangekimbilia wapi? Kwao kuna bahari mbili na vita. Walitaka siku zao wenyewe, basi."

Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu pembeni alikuwa anatusikiliza. Tulishamwamkia tangu asubuhi. Akauliza swali moja tu: "Sasa wajukuu zangu, kule juu walirudi na nini?"

"Hawakurudi na kitu, babu. Hata bendera waliiacha."

"Walirudi na maneno," akasema mzee, akaendelea na wavu wake.

Swali la yule mzee halijaniacha. Ni kweli kabisa, walirudi na maneno. Benuzzi aliandika kitabu. Kilitoka kwa Kiitaliano mwaka 1947, na kwa Kiingereza mwaka 1952, na mpaka leo watu wanakisoma. Fikiria: mtu hakufika kilele kikuu, alishindwa na theluji, mwenzake aliugua njiani, lakini safari yake inajulikana kuliko safari za wengi waliofika juu kabisa. Kwa nini? Kwa sababu aliiandika.

Lakini tusimalizie kwa kupiga makofi. Mlima ule haukuwa mtupu kabla ya mateka hao. Wagikuyu wanauita Kirinyaga na kuuheshimu kama makao ya Ngai. Mzungu wa kwanza kufika Batian, Halford Mackinder, alifika mwaka 1899 pamoja na waongozaji wake wawili wa Ulaya, Ollier na Brocherel. Ndiye aliyevipa vilele majina ya Kimasai: Batian ni Mbatian, laibon mkuu, na Lenana ni mwanawe. Kwa hiyo hata jina la Kiafrika lililoko juu pale liliandikwa na mkono wa mgeni. Sisi wa ziwani tunalijua jambo hilo. Wasafiri wa Kizungu wa miaka ya 1850 waliandika kwamba ziwa hili linaitwa Nyanza au Ukerewe, yaani jina la kisiwa chetu lilikuwa jina la ziwa zima. Speke alipoliona karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake. Unajua mwenyewe lipi limebaki kwenye ramani.

Na sheria ya mlima haikuwa moja kwa wote. Mwaka 1943 mateka wa Kizungu waliingia msituni bila ruhusa, wakapewa siku 7 na sifa juu yake. Miaka 9 baadaye, Oktoba 1952, Waingereza walitangaza hali ya hatari Kenya. Msitu ule ule wa Mlima Kenya ukawa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Kiongozi wao upande huo alikuwa Waruhiu Itote, yule aliyejulikana kama Jenerali China. Hao hawakupata mkuu wa kambi wa kuwapongeza kwa uanamichezo. Walidondoshewa mabomu na ndege. Itote alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, kisha akaponea chupuchupu na kufungwa miaka mingi. Makambi nayo yakajengwa tena, safari hii si kwa Waitaliano bali kwa wenye nchi. Baridi ni ile ile, mianzi ni ile ile, tembo ni wale wale, lakini mmoja alikuwa anatoroka uchovu wa siku, na mwenzake alikuwa anatafuta nchi yake.

Itote naye aliandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi aliyewekwa kizuizini wakati huo huo, aliandika kumbukumbu zake kwa Kigikuyu, zikachapishwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Noma. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kalamu ni ya Wazungu na mguu ndio wetu.

Sasa twende Desemba 1963. Usiku Kenya inapata uhuru, kijana mmoja anaitwa Kisoi Munyao alikuwa juu ya mlima ule ule, kilele kile kile cha Lenana, kusimika bendera mpya ya nchi yake. Miaka miwili kabla, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa ameshapandisha bendera yetu na mwenge wa uhuru juu ya Kilimanjaro. Munyao alifariki mwaka 2007. Waulize vijana kumi wa rika langu Munyao ni nani. Halafu nenda kwa watalii wanaofunga mabegi ya kwenda Mlima Kenya, waulize Benuzzi ni nani. Picha ya Munyao ipo, bendera yake inaonekana. Lakini picha haisemi alikula nini njiani, alimwogopa nani, nani aliugua akaachwa hemani, walitaniana vipi usiku wa baridi. Hayo yanatoka kwa mwenyewe tu, na mwenyewe ameshaondoka.

Hapo ndipo mlima unaponihusu mimi wa kisiwani. Sisi vijana wa Nansio tunajua maana ya kuzungukwa. Meli ikiharibika, umekwama. Upepo ukichafuka, umekwama. Wengi tunaota kutoroka tu: Mwanza, Dar, Nairobi, na zaidi ya hapo. Sikatai, watu waende. Ninachosema ni kwamba wale watatu hawakusubiri seng'enge iondolewe ndipo waishi. Walifanya safari yao ndani ya kifungo chao, kwa nyundo na kamba za vitanda, kisha wakarudi na habari yake.

Na kama mtu ataniambia kwamba vitabu vinatoka kwa watu wa mbali, nitamshika mkono nimpeleke Kagunguli, hapa hapa Ukerewe, alikoishi Aniceti Kitereza. Mzee yule alimaliza kuandika riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, miaka miwili tu baada ya Benuzzi kushuka mlimani. Angalia tofauti sasa. Kitabu cha Mwitaliano, habari ya majuma mawili na ushee, kilichapishwa baada ya miaka minne. Kitabu cha Kitereza, habari ya maisha mazima ya Wakerewe, kuoa na kuzaa, kulima na kuugua, kilisubiri miaka 35. Ikabidi mwenyewe akitafsiri kwa Kiswahili. Kilitoka mwaka 1980, na mwaka 1981 mwenyewe akafariki. Huo nao ni mlima, tena mrefu kuliko Batian, na aliupanda bila kutoka kisiwani.

Washikaji zangu bado wanabishana kama Benuzzi na wenzake walikuwa mashujaa au wendawazimu. Mimi nimeshaacha ubishi huo. Nimeanza kumfuata yule mzee wa wavu jioni, nina daftari la kurasa 96 na kalamu ya wino. Amevua ziwani tangu kabla ya sangara kujaa, anayajua majina ya pepo zote, na anaijua miamba ambayo ramani haina. Hajawahi kuulizwa na mtu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Unaandika za nini hizi, mjukuu?" Nikamwambia, ili zisizame. Akacheka, akasogeza kigoda, akaanza na upepo wa kusi.

Haya wenzangu. Kila mtaa una mzee wake, na kila mtu ana safari aliyoifanya na marafiki. Nendeni mkaziandike, mapema.