Padri Lemaître na Mwanzo wa Ulimwengu



Katika somo lililopita tulijifunza kwamba vyote vilivyopo, tunavyoviona na tusivyoviona, vimetoka kwa Mungu. Leo tutajibu swali linaloulizwa mara nyingi vijijini, hasa mtoto anaporudi likizoni kutoka shule ya sekondari. Jioni, watu wakiota moto, kijana asema: «Baba, mwalimu wetu ametufundisha kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko mkubwa, zamani sana. Basi hakuna haja ya Muumba.» Mzee wake, ambaye ni katekista, ajibu kwa furaha: «La, mwanangu! Kama ulianza, lazima yuko aliyeuanzisha. Wataalamu wenyewe wameithibitisha Katekisimu yetu.»

Kijana adhani ameshinda, na mzee adhani ameshinda. Sisi twasema kwamba wote wawili wamefanya haraka. Ili tuone sababu yake, tusikilize habari za mtu aliyekuwa wa kwanza kufundisha jambo hilo la mwanzo. Huenda mtashangaa mkisikia kwamba mtu huyo alikuwa padri.

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 huko Charleroi, mji wa machimbo ya makaa ya mawe katika nchi ya Ubelgiji. Alisoma kwa mapadri Wayezuiti, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Louvain ili awe mwinjinia. Vita kuu ilipozuka mwaka 1914 alijitolea kuwa askari, akatumikia katika jeshi la mizinga. Aliporudi aliacha uinjinia, akashika hesabu na fizikia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1920. Ndipo akaingia seminari. Tarehe 22 Septemba 1923 Kardinali Mercier akampa daraja takatifu la upadri.

Wakubwa wake hawakumzuia kuendelea na elimu. Alikwenda Uingereza, akasoma Cambridge kwa mtaalamu wa nyota Arthur Eddington. Kutoka huko akaenda Marekani. Mwaka 1925 akaanza kufundisha Louvain, chuo kile kile kilichoanzisha baadaye, mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Lovanium katika mji uitwao leo Kinshasa.

Siku zile wataalamu wengi, na hata Albert Einstein aliyesifiwa kuliko wote, walidhani kwamba ulimwengu kwa jumla haubadiliki: jinsi ulivyo leo ndivyo ulivyokuwa sikuzote. Mwaka 1922 Mrusi mmoja, Alexander Friedmann, alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu waweza kutanuka, lakini wachache tu walimsikiliza. Padri Lemaître hakujua kazi ya Friedmann. Yeye mwenyewe alizichunguza hesabu za Einstein, kisha akazilinganisha na yale yaliyoonekana kwa darubini. Maana nyota zimekusanyika katika makundi makubwa mno, na utepe ule mweupe mnaouona angani usiku wa giza ni sehemu ya kundi letu sisi. Nuru ya makundi mengine mengi ilikuwa imeelekea wekundu, na hiyo ni dalili kwamba yanatuacha na kwenda mbali. Mwaka 1927 akaandika katika jarida la wataalamu huko Bruxelles kwamba ulimwengu wote unatanuka.

Tutafahamuje jambo hilo? Tazameni boga changa lenye madoa shambani. Boga linapokua, kila doa huachana na mengine yote, wala hakuna doa lililo katikati ya mengine. Madoa hayatembei juu ya ganda. Ni ganda lenyewe linalokua. Hivyo ndivyo makundi ya nyota yanavyoachana.

Mwezi wa Oktoba 1927 Padri Lemaître alikutana na Einstein katika mkutano wa wataalamu huko Bruxelles. Einstein alimjibu kwamba hesabu zake zilikuwa sahihi, lakini maelezo yake ya fizikia hayakubaliki hata kidogo. Padri hakugombana, wala hakukata tamaa. Mwaka 1929 Edwin Hubble, aliyekuwa akitazama nyota katika mlima Wilson huko California, alitangaza kwamba kadiri kundi la nyota lilivyo mbali nasi, ndivyo linavyozidi kwenda kwa kasi. Baada ya hayo Einstein mwenyewe aliliacha wazo lake la zamani.

Lakini likabaki jambo kubwa zaidi. Kama makundi ya nyota yanaachana leo, basi jana yalikuwa karibu zaidi. Na tukirudi nyuma sana, vyote vilikuwa vimesongamana pamoja. Tarehe 9 Mei 1931, katika jarida la Uingereza liitwalo Nature, Padri Lemaître aliandika kwamba ulimwengu huenda ulitoka katika kitu kimoja tu, kama atomu moja iliyopasuka. Baadaye alikiita atomu ya kwanza.

Hapa, wapendwa, tuangalie tendo moja dogo. Katika karatasi aliyoipiga kwa mashine kabla ya kuipeleka kwa jarida, mwishoni palikuwa na maneno machache juu ya Mungu anayevitegemeza vyote, naye amefichika. Padri akayakata kwa kalamu. Je, aliona haya kwa imani yake? Hasha! Alivaa kanzu yake ya upadri mbele ya wataalamu wote, wala hakuficha alivyo. Lakini aliona kwamba hesabu za nyota ni kazi moja, na kuungama imani ni kazi nyingine. Wala hakutaka mtu aikubali hesabu kwa sababu ya kanzu, au aikatae kwa sababu hiyo hiyo.

Na kweli walikuwapo walioikataa. Mwaka 1948 wataalamu watatu wa Uingereza, Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold, walifundisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo: unatanuka daima, na kila mahali panatokea vitu vipya kidogo kidogo, hata sura yake isibadilike. Ni Hoyle, akisema katika redio mwaka 1949, aliyelipa fundisho la mwanzo jina la «mlipuko mkubwa». Wazo la mwanzo halikumpendeza, kwa kuwa aliona kama linanukia mambo ya dini.

Kwa upande mwingine, waamini wengi walishangilia. Tarehe 22 Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pio XII alihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Alisifu kazi ya wataalamu, akasema kwamba elimu ya siku zile ilikuwa kama imerudi nyuma na kuishuhudia saa ile ya kwanza, Mungu alipoamuru nuru iwe. Aliongeza, ni kweli, kwamba mambo yaliyovumbuliwa hayakuwa bado hoja kamili ya kuthibitisha uumbaji. Lakini magazeti hupenda sauti kubwa kuliko tahadhari. Watu wakasikia tu kwamba sayansi imethibitisha uumbaji.

Padri Lemaître, aliyekuwa mmoja wa Akademia hiyo tangu mwaka 1936, hakufurahi. Mtu mwingine angejivuna kuona kazi yake imesifiwa hivyo na Papa. Yeye alikuwa na hofu ya namna mbili. Kwanza, fundisho lake lilikuwa bado linapimwa. Wataalamu wangeweza kuliacha kesho. Pili, na hili ni kubwa zaidi, mwanzo anaouhesabu mtaalamu na uumbaji unaofundishwa na Kanisa si kitu kimoja. Alizungumza na Padri Daniel O'Connell, Myezuiti, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Vatikano. Mwezi wa Septemba 1952 Baba Mtakatifu aliwahutubia wataalamu wa nyota waliokusanyika Roma, na safari hii hakulirudia neno lile. Basi tuone unyenyekevu wa wote wawili: padri aliyekataa kukuzwa kupita kweli, na Papa aliyekubali kunyamaza.

Huenda mtauliza: kwa nini mwanzo wa hesabu na uumbaji si kitu kimoja? Tumsikilize mwalimu mkubwa wa zamani, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, Mdominiko, aliyefariki mwaka 1274. Wakati wake vitabu vya Aristotle Myunani vilikuwa vimefika Paris, navyo vilifundisha kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo. Kanisa lilikwisha kutamka katika Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, kwamba Mungu aliumba vyote pasipo kitu chochote, na kwamba nyakati zenyewe zina mwanzo. Walimu wengine, kama Mtakatifu Bonaventura, walisema kwamba akili peke yake yaweza kuonyesha mwanzo huo. Tomaso alikataa. Alisema: tunajua kwa imani kwamba ulimwengu ulianza, akili peke yake haiwezi kulithibitisha hilo wala kulikanusha. Tena, hata kama ulimwengu ungekuwapo tangu milele, ungali ungemhitaji Muumba. Akawaonya Wakristu wasitumie hoja dhaifu, wasije wasioamini wakawacheka wakidhani kwamba tunaamini kwa sababu ya hoja hizo.

Tulifafanue kwa mfano. Mfinyanzi akifinyanga chungu na kukichoma, kazi yake imekwisha. Akifa mfinyanzi, chungu hubaki, na wajukuu wake hukipikia. Lakini mwimbaji akinyamaza, wimbo uko wapi? Hauko tena. Wimbo hupata kuwapo kwake kutoka kwa mwimbaji katika kila neno. Watu wengi hudhani kwamba Mungu aliumba ulimwengu kama mfinyanzi alivyofinyanga chungu: alifanya siku moja, akaenda zake. Ndiyo maana huitafuta siku ile katika vitabu vya nyota, wengine ili wamwone Mungu hapo, wengine ili waonyeshe kwamba hakuwapo. Kumbe ulimwengu ni kama wimbo. Mungu huufanya uwepo sasa hivi, kama alivyoufanya uwepo mwanzoni. Hata wimbo ungekuwa hauna mwanzo, ungali ungemhitaji mwimbaji.

Tumalize historia yetu. Mwaka 1964 Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakifanya kazi New Jersey na antena kubwa yenye umbo la pembe. Walisikia mvumo mdogo usiokoma, kutoka kila upande wa mbingu, mchana na usiku. Walidhani antena ina kasoro, wakasafisha hata mavi ya njiwa waliotaga ndani yake, mvumo haukukoma. Mwaka 1965 ikajulikana kwamba mvumo ule ni mabaki ya joto la zamani. Asubuhi ukigusa mafiga ukayaona yangali na uvuguvugu, wajua kwamba usiku palikuwa na moto. Vivyo hivyo wataalamu walitambua kwamba zamani ulimwengu wote ulikuwa umesongamana, tena wenye moto mkali. Padri Lemaître aliipata habari hiyo akiwa mgonjwa, siku chache kabla ya kufariki kwake tarehe 20 Juni 1966. Leo wataalamu wahesabu kwamba tangu hali ile ya moto imepita miaka bilioni 13.8 hivi, yaani milioni 13,800.

Hivyo hesabu za padri zilipata nguvu, na fundisho la Hoyle likaachwa na wengi. Je, tuseme sasa kwamba Mungu amethibitishwa? Tusiseme hivyo. Wako wataalamu wanaotafuta kama kabla ya moto ule palikuwa na hali nyingine. Waacheni watafute kwa amani. Wakiona kitu, kitakuwa nacho ni kiumbe, nacho kitamhitaji anayekifanya kiwepo. Mkristu anayeifunga imani yake kwenye kitabu cha fizikia ni kama mtu anayefunga mtumbwi wake kwenye gogo linaloelea mtoni: gogo likienda, mtumbwi nao utakwenda.

Basi wewe mzee, mtoto wako akikuambia habari za mlipuko mkubwa, usimkaripie, wala usimpokonye hoja yake ili umpige nayo. Mwambie: «Hayo uliyofundishwa ni mazuri, mwanangu, na padri ndiye aliyeyaanza. Lakini niambie: pumzi hii unayovuta sasa, ni nani anayekupa?» Nawe kijana, jifunze hesabu kwa bidii, na jioni upige magoti pamoja na wazazi wako. Padri Lemaître alifanya yote mawili kila siku ya upadri wake, wala hakuona kwamba moja lamnyima nafasi mwenzake.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Ni nani aliyefundisha kwanza kwamba ulimwengu ulitoka katika kitu kimoja kama atomu iliyopasuka?
Jibu: Ni Padri Georges Lemaître wa Louvain, mwaka 1931.

Swali: Kwa nini hakutaka fundisho lake liitwe uthibitisho wa uumbaji?
Jibu: Kwa sababu elimu ya nyota huweza kubadilika, na kwa sababu mwanzo unaohesabiwa si uumbaji wenyewe.

Swali: Kuumba maana yake nini?
Jibu: Ni kukipa kitu kuwapo kwake pasipo kutumia kitu kingine, na kukitegemeza kila saa kisitoweke.

Swali: Kama ulimwengu usingekuwa na mwanzo, je, usingemhitaji Mungu?
Jibu: Ungemhitaji vile vile, kama wimbo unavyomhitaji mwimbaji.

Swali: Tunajuaje, basi, kwamba ulimwengu ulianza?
Jibu: Tunajua kwa imani, kwa kuwa Mungu ametufunulia na Kanisa latufundisha.