Risasi Zilihesabiwa: Mafunzo na Afya ya Polisi wa Kenya

Nilikuwa na umri wa miaka sita baba yangu aliporudi kutoka Bonde la Ufa mwanzoni mwa 2008. Tuliishi katika nyumba za polisi, familia mbili chumba kimoja, pazia katikati. Alirudisha bunduki ghalani, risasi zikahesabiwa moja moja, akatia sahihi, kisha akaja nyumbani akalala siku mbili. Baada ya hapo alikuwa mtu wa kimya. Nilipoingia chuo kikuu nikaanza kusoma historia ya vurugu zile, nilimuuliza kama kuna mkubwa yeyote aliyemwuliza hali yake siku ile. Alicheka kidogo. "Mwanangu, waliuliza kuhusu risasi."

Jibu lake ndilo lililonifanya nichague mada hii. Nilitaka kujua kwa nini polisi wetu hufunzwa kutunza bunduki kuliko kujitunza wenyewe.

Chanzo kiko mbali. Kabla ya kuwa na polisi wa serikali, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa na walinzi wa maghala na misafara yake. Sheria ya polisi ilipotungwa mwaka 1906, na shule ya mafunzo ikafunguliwa Nairobi mwaka 1911, kazi ilibaki kulinda mali na kuwatiisha wenyeji. Tazama hata neno letu askari: linamaanisha mwanajeshi, nasi tukampa polisi bila kusita. Kurutu alifundishwa kwata, shabaha na utii. Mwili wake ulifanyishwa mazoezi ili usichoke kupokea amri, na yaliyomo moyoni mwake hayakumhusu mtu. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilizidisha ukali huo. Uhuru ukaja mwaka 1963, bendera ikabadilika. Kwata haikubadilika. Shule ilikuwa imekwisha kuhamia Kiganjo, karibu na Nyeri, na kila mzee aliyepitia huko husimulia baridi ya alfajiri na mbio kama kwamba alipitia jando.

Mambo yalianza kusemwa hadharani baada ya uchaguzi wa 2007. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Mwaka 2009 jopokazi lililoongozwa na Jaji Philip Ransley likatoa mapendekezo zaidi ya 200 kuhusu polisi: mishahara, makazi, mafunzo, uongozi. Katiba ya 2010 ikaondoa jina la kikosi ikaweka Huduma. Kwa muda mafunzo ya Kiganjo yakarefushwa kutoka miezi tisa hadi 15, kisha yakarudishwa tisa. Nyumba ziliahidiwa. Pazia letu halikuondoka mpaka baba alipostaafu.

Hata hivyo, ninaposoma mfululizo wa miaka hiyo naona jambo linalonisumbua: suala la akili ya polisi huja mezani baada ya mazishi. Novemba 2010, polisi mmoja wa Siakago aliwapiga risasi watu kumi kwa usiku mmoja, wakiwamo polisi wenzake. Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa katika shambulio la kuvizia karibu na Baragoi, na wengi wao walikuwa vijana waliotoka mafunzoni juzi tu. Desemba 2021, polisi mwingine huko Nairobi alimuua mkewe na watu kadhaa kabla ya kujiua. Kila mara magazeti yaliandika kuhusu msongo wa mawazo kwa wiki moja au mbili.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Tume ya Huduma ya Polisi ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha, na jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililokabidhi ripoti yake Novemba 2023, liliangalia maslahi ya polisi kwa upana. Lakini mshauri huyo hungoja polisi aje, na polisi anajua akienda bunduki itachukuliwa, wenzake watasema ameshindwa na kazi, na cheo kitampita. Kwa hiyo haendi. Anakwenda baa.

Mwili nao husahaulika siku ya kufuzu. Zile mbio za Kiganjo huisha hapo. Baadaye ni kusimama lindo saa 12 mlangoni pa benki, chai na mandazi barabarani, usingizi wa mchana katika chumba chenye watoto wanne. Baba alipofika miaka 50 alikuwa na shinikizo la damu na mgongo usiokunjika vizuri. Sidhani kwamba mwili huu na ule ukimya wake ni magonjwa mawili.

Binamu yangu alijiunga na polisi hivi majuzi. Aliniambia walipata somo la afya ya akili, alasiri moja, darasani baada ya chakula. Walikuwa wamekimbia tangu saa kumi za alfajiri, basi nusu ya darasa ililala. Nilimwuliza kama wakufunzi wa kwata huzungumzia jambo hilo uwanjani. Akashangaa swali lenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia: sajini yule anayepiga kelele gwarideni, ambaye makurutu humwogopa na kumwiga, ndiye aseme mbele yao kwamba baada ya operesheni fulani alikosa usingizi miezi mitatu, na aeleze alikokwenda kupata msaada. Mgeni mwenye karatasi hawezi kuifanya kazi hiyo.

Binamu amepelekwa kituo cha kaskazini. Baba humpigia simu kila Jumapili jioni. Nimesikiliza mazungumzo yao mara kadhaa: hamwulizi habari za kazi, humwuliza kama amelala, na asipojibu upesi, huuliza tena.