Mfahamu samaki chui milia, mwindaji wa Mto Kilombero anayetegemea mafuriko

Ukitaja samaki wenye milia, wengi hufikiria kitatange na wenzake wa kwenye matumbawe ya baharini. Lakini hata maji baridi yana wa kwao. Katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, yupo samaki mwenye mistari myeusi ubavuni na meno yanayoonekana hata akiwa amefunga mdomo. Kimataifa anafahamika kwa jina la chui milia. Kule Ziwa Tanganyika, jamii yake huitwa kibebe.

Muonekano

Mwili wake ni mrefu, umechongoka, na unang'aa kama fedha. Milia yake haikusimama kama ya pundamilia. Imelala, ikifuata safu za magamba kuanzia karibu na kichwa hadi mkiani. Mkia umegawanyika pande mbili kama panda, mara nyingi ukiwa na rangi ya njano au nyekundu.

Meno ndiyo yaliyompa sifa. Ni makubwa, machache, yana ncha kali, na ya juu hupishana na ya chini. Yakichakaa hung'oka na mengine huota.

Tanzania ina aina yake ambayo haipatikani nchi nyingine yoyote. Kitaalamu inaitwa Hydrocynus tanzaniae, ilitambuliwa rasmi mwaka 1986, na inaishi kwenye mito ya Ruvu na Rufiji pamoja na matawi yake, Kilombero ikiwemo. Aina iliyoenea zaidi Afrika ni Hydrocynus vittatus. Mkubwa wa aina hiyo aliyeweka rekodi ya dunia kwa uvuvi wa ndoano alikuwa na kilo 16.1, na alivuliwa Ziwa Kariba mwaka 2001.

Anaishi wapi?

Anapenda maji ya vuguvugu, yanayotembea na yenye hewa ya kutosha. Hukaa karibu na uso wa maji, sio chini kwenye tope kama kambale. Mito ya Mnyera na Ruhudji, inayokutana na kuunda Kilombero, inasifika kwa kuwa na wakubwa. Wageni husafiri kutoka mbali kwenda kumvua huko kwa ndoano, wakapiga picha, kisha wakamrudisha majini.

Tabia zake

Huyu ni mla nyama. Anakula samaki wenzake, wakiwemo perege wadogo, na anaweza kummeza mzimamzima au kumkata vipande. Wakiwa wadogo hutembea kwa makundi ya wanaolingana kimo. Wakikua makundi hupungua, na wakubwa kabisa huwinda wachache wachache au peke yao.

Watafiti katika bwawa la Schroda, Afrika Kusini, walimrekodi akiruka nje ya maji na kumdaka mbayuwayu hewani. Naye ana maadui: mamba na furukombe.

Mvuvi wa ndoano anahitaji kipande cha waya mbele ya mshipi, la sivyo utakatwa. Hata akinasa, mdomo wake ni mfupa mtupu, hivyo ndoano huchomoka kirahisi. Ukimpata, usiingize kidole mdomoni, hata kama anaonekana amekufa. Nyama yake ni tamu ila ina miba mingi.

Anavyozaliana

Hapa ndipo mafuriko yanapoingia. Wakazi wa Ifakara wanaujua Mto Lumemo kwa hasara: nyumba kujaa maji, mashamba ya mpunga kusombwa. Lakini maji hayohayo, yakishuka toka milima ya Udzungwa na kutandaa bondeni pamoja na ya Kilombero, hufunika nyasi na kutengeneza kitalu cha samaki.

Msimu wa mvua, chui milia wakubwa hupanda mto na kutaga kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Jike mmoja mkubwa anaweza kubeba mayai laki kadhaa. Vifaranga hujificha kwenye nyasi, wakila vijidudu vya majini kabla ya kuanza kula samaki. Maji yakipungua, huyafuata kurudi mtoni.

Kwa nini hili ni muhimu?

Bonde la Kilombero lina hadhi ya Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 2002, likiwa na ukubwa wa karibu hekta 797,000. Lakini hadhi hiyo peke yake haimlindi kifaranga aliyenaswa kwenye chandarua. Neti ya mbu ikivutwa kwenye nyasi zenye maji haichagui: inabeba perege, kambale na chui milia wa urefu wa kidole, kilo za mwakani zikiishia kwenye sufuria moja leo.

Uvuvi wa kutumia neti za mbu, sumu au baruti ni kosa kisheria. Na nyasi za bondeni zikilimwa zote hadi ukingoni mwa mto, mafuriko yatakuja kama kawaida, ila samaki hawatakuwa na pa kulelea watoto.