Jeshi Lisilo na Bunduki: Magenge ya Beni na Mganda wa Ziwa Nyasa

Neno genge lina historia njema kuliko sifa yake ya leo. Maana yake moja ya zamani ni kundi la watu wafanyao kazi pamoja, kama wale waliotandika reli au waliokata mkonge chini ya mnyapara mmoja. Baadaye neno hilo limeshuka daraja, hata likitajwa mjini siku hizi msikiaji hufikiri panga, giza na mlango uliovunjwa. Kushuka kwa neno kumefuatana na desturi mbaya zaidi, nayo ni kulihukumu kundi la vijana kabla ya kulichunguza. Historia ya vyama vya beni, vilivyoanza katika mitaa ya miji ya pwani na kuacha athari zake mpaka milima ya Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa, ni fundisho zuri katika jambo hili.

Beni ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili. Ngoma yenyewe ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, vijana wa pwani walipozitazama bendi za wageni, wakazipenda tarumbeta, ngoma kubwa na mwendo wa safu zilizonyoka, wakaunda za kwao. Lakini kuiita beni kasumba ya kuiga ni kuiona nusu. Kwa muda mrefu kabla yake, mitaa ya miji hiyo ilikuwa na desturi ya kugawanyika pande mbili na kushindana kwa ngoma, kwa karamu na kwa mashairi ya kujibizana. Beni haikuleta mashindano. Iliyakuta, ikayavika sare.

Kabla ya vita vya mwaka 1914 ngoma hiyo ilikwisha kuingia katika miji iliyotawaliwa na Wadachi, na huko ikapata vyama viwili vilivyokuwa mashuhuri kuliko vyote: Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa watu wa daraja. Walikuwa makarani, watumishi wenye elimu na wenyeji wa mjini waliojua kusoma, kuvaa na kukaa barazani. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi nzito na wageni wa bara, wapagazi na vibarua, ambao Marini waliwadharau kwa kuwaona washamba. Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na majeshi mawili yasiyo na bunduki, na kijana aliyefika kutoka mbali aliulizwa yu wa upande gani upesi kuliko alivyoulizwa jina la baba yake.

Vyama hivi vilikuwa na vyeo vingi. Alikuwako Kingi au Kaiza, wakawako magavana, majemadari, mahakimu, madaktari na makarani. Wanawake nao walikuwa na sehemu yao na vyeo vyao. Tawi la mji mmoja lilipelekeana barua na tawi la mji mwingine, na mwanachama aliyesafiri alipokewa na wenzake kama ndugu. Mtu wa nje alicheka kumwona mpagazi akiitwa jemadari. Lakini kicheko hicho hakikufahamu kitu. Mpagazi yule alishinda mchana kutwa akiamriwa na kila mtu. Jioni katika safu yake alikuwa mtu wa kusalimiwa, mwenye amri ya kutoa na heshima ya kuilinda. Zaidi ya hayo, vyama vilichanga fedha, vikawaangalia wagonjwa na kuwazika wafu. Katika mji ambamo mgeni wa bara hakuwa na ukoo, hapakuwa na jambo kubwa kuliko kujua ya kuwa akifa atazikwa na watu wanaomjua jina.

Mkono wa mambo haya ulifika Nyasa kwa njia ya vita. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen iliishambulia meli ya Kidachi Hermann von Wissmann ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, katika bandari ambayo Wadachi waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake, nayo ndiyo Liuli. Hivyo ufuko wa ziwa ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza kusikia mizinga ya vita hivyo katika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Septemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka tena Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, likapita katika nchi ya Songea kuelekea kaskazini. Katika miaka hiyo minne watu wengi mno wa pande zote mbili walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Waliokufa kwa njaa na maradhi hawakurudi. Waliorudi walirudi na paredi vichwani mwao, na wengine na beni.

Vita vilipokwisha, kodi ilitwaa nafasi ya mzinga. Nchi ya Songea pamoja na Umatengo na ufuko wa Nyasa ikawa ghala la vibarua. Vijana walitembea siku nyingi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Lindi, na wengine walivuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, au mbali zaidi mpaka Afrika ya Kusini. Kijana wa Mbuji, aliyezaliwa karibu na lile jiwe kubwa linalojulikana kwa jina la nchi hiyo, aliyelelewa kuchimba ngoro kwenye mteremko pamoja na jamaa zake, alijikuta katika kambi ya watu mia wasiojuana. Huko hakuwa mwana wa fulani, bali namba katika daftari. Kundi la ngoma, lenye sare yake, amri yake na adui wake wa kutaniwa, lilimrudishia sehemu ya alichopoteza. Ndiyo maana ngoma hizi zilistawi hasa pale palipokuwa na vibarua wengi na nyumba chache.

Si haki kuusifu upande huu na kuuficha wa pili. Mashindano ya beni yalikuwa na uchungu. Nyimbo zake zilitukana, zikafunua aibu za watu mbele ya umati. Karamu za kushindana zilimeza mishahara, na chama kilichochinja ng'ombe wawili kilimlazimisha mpinzani kuchinja watatu, hata watu wakaingia katika madeni kwa ajili ya sifa ya siku moja. Mara nyingine maneno yalifika kwenye ngumi na fimbo. Mwenye hekima aliyesema kuwa fedha hizo zingenunua jembe au zingelipa karo ya mtoto hakukosea. Alichosahau ni kwamba jembe halimwiti mtu jemadari.

Watawala waliiona hatari, lakini siyo hii. Shida ya kiserikali haikuwa fimbo za vijana, bali barua zao. Baada ya vita Waingereza katika Tanganyika, na Wabelgiji upande wa Kongo, walivitazama vyama hivi kwa shaka kubwa. Watu wenye matawi katika miji mingi, wenye vyeo, makarani na siri zao, waliokusanyika bila ya kuitwa na bwana wala padri, walionekana kuwa serikali ndani ya serikali. Wengine walidhani nyuma yao mna njama ya kidini, wengine njama ya kigeni. Wamisionari nao wengi waliikataza ngoma kwa waumini wao.

Hofu hiyo ilipata kisa chake mwaka 1935. Wachimba shaba wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma kwa sababu ya nyongeza ya kodi, na huko Luanshya, tarehe 29 Mei, askari walipiga risasi wakaua watu sita. Tume ya uchunguzi iliyofuata ilivitaja vyama vya ngoma, vilivyoitwa huko mbeni, miongoni mwa njia zilizopitisha habari za mgomo kutoka mgodi mmoja mpaka mwingine. Tume haikuvumbua jeshi la siri. Ilivumbua kitu cha kawaida zaidi: watu waliokwisha kujifunza kukusanyika, kuchanga na kutumana kwa ajili ya ngoma, siku walipopata neno zito la kusema, walikuwa na njia ya kulipitisha. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, aliitazama beni kwa jicho hilohilo: aliichukua kuwa historia ya watu waliojipanga wenyewe katika dunia iliyopangwa na wengine.

Mjini, beni ilififia kabla ya vita vya pili kwisha. Vijana wapya walipenda dansi, klabu na mpira, na waliotaka neno katika mambo ya nchi walikuwa na Chama cha Waafrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Lakini katika Ziwa Nyasa mbegu ileile iliangukia udongo mwingine. Baada ya vita vya kwanza, ngoma ya mganda ilienea pande zote mbili za ziwa, katika Nyasaland na katika Tanganyika, kutoka vijiji vya ufukoni mpaka milima ya Umatengo. Jina lake ni la ngoma kubwa inayoongoza mwendo. Pahali pa tarumbeta za shaba, ambazo mkulima hakuweza kuzinunua, paliwekwa vibuyu vyenye utando mwembamba wa buibui, ambavyo mtu akivivumia kwa kinywa hutoa sauti ya kunguruma kama bendi nzima. Wachezaji husimama katika safu, aghalabu kwa kaptula na shati jeupe, huenda na kugeuka kwa amri moja, nao wana mfalme, makapteni na madaktari wao. Wanawake wana kioda, yenye safu na nidhamu yake.

Atakayetazama haraka atasema mganda ni beni iliyohamia shamba. Lakini tofauti moja imebadili kila kitu. Mjini, genge lilikuwa mbadala wa ukoo uliokosekana. Kijijini, kundi la mganda limekaa ndani ya ukoo uliopo. Mfalme wa ngoma ni mtoto wa mtu anayejulikana, na kapteni akivuka mpaka kuna mjomba wa kumkanya. Kundi la kijiji kimoja hualikwa na kijiji kingine. Wenyeji hupika, wageni hucheza, na mwaka mwingine deni hulipwa kwa mwaliko. Mashindano yamebaki, fahari imebaki, hata kejeli ya nyimbo imebaki. Kilichopungua ni kisasi, kwa sababu mshindwa wa leo ni mwenyeji wa kesho, na pengine ni shemeji. Vijana wa Nyasa hawakuwa wapole kuliko wenzao wa Tanga au Luanshya. Mara nyingi walikuwa ni vijana walewale, waliotoka mkataba mmoja na kungojea mwingine. Waliobadilika ni watu waliowazunguka.

Miji nayo iliendelea kuwa na jawabu lake. Tangu zama za ukoloni kijana asiye na kazi aliitwa mhuni, na mhuni alikamatwa na kurudishwa kwao. Baada ya uhuru jawabu hilo halikufa. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa wazururaji. Tarehe 2 Januari 2015 jiji la Dar es Salaam lilishikwa na hofu kwa habari za vijana walioitwa Panya Road. Watu walikimbia, maduka yakafungwa, na siku zilizofuata mamia ya vijana walikamatwa. Mwaka 2022 jina hilo lilisikika tena, pamoja na vilio vya kweli vya watu waliojeruhiwa na waliofiwa. Haifai kuwafananisha Arinoti, walioshindana kwa ng'ombe wa karamu, na watu wanaovunja nyumba kwa mapanga. Mwenye kuua ni muuaji hata akiwa na huzuni ya kumweleza hakimu. Lakini kabla ya kijana kufika kwenye panga kuna hatua nyingi, na katika hatua za mwanzo anatafuta yale yale: jina, safu, amri ya kutii na siku ya kutazamwa. Asipoyapata kwa mwema atayapokea kwa mwovu, maana mwovu hachoki kuandikisha.

Wakulima wa Umatengo wana elimu ya zamani inayofaa kukumbukwa hapa. Mvua za milima ya Mbinga ni kali na miteremko yake ni mikali zaidi. Mwenye shamba hawezi kuikataza mvua, wala hajaribu. Huchimba ngoro, mashimo yaliyopangwa mteremko mzima kama masega ya nyuki, na maji ambayo yangeubeba udongo mpaka bondeni hukaa shimoni na kuulisha. Shamba lisilo na ngoro hupata mvua ileile. Tofauti huonekana wakati wa mavuno. Waliokubali mganda uchezwe katika uwanja wa kijiji, na kuwapikia wageni wake, walifanya kazi ya namna hiyo bila ya kuiandikia sheria, na ngoma yao imedumu baada ya Kaiza na Kingi wote wa beni kusahauliwa.