Ritifaa ya Ng’ombe

Chukua gazeti lolote la Kiswahili, tafuta neno ng’ombe, kisha litazame kama picha badala ya kulisoma. Kuna n, kuna g, halafu kialama kimening’inia hewani, halafu ombe. Walimu wa Kiswahili hukiita ritifaa na hukifundisha pamoja na alama za uakifishi, kwenye orodha moja na koma na nukta. Kasheshe inaanzia hapo. Ndani ya ng’ombe kialama hicho hakiakifishi chochote. Ni kipande cha herufi. Kiondoe uone: ng’oa ni kuchomoa na mizizi, ngoa ni wivu au tamaa.

Sasa, ilikuwaje sauti moja ikapewa herufi mbili na koma ya kuning’inia?

Turudi nyuma kidogo. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina sauti hii. Waandishi wa pwani hawakuhangaika sana. Herufi ghaini iliweza kubeba gh, g, ng na hata ng’, msomaji akamalizia mwenyewe. Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu. Mimi siuoni hivyo: utenzi ulisomwa kwa sauti, mbele ya watu wenye lugha yao, na maandishi yalikuwa ya kukumbusha tu. Anayehitaji kuoneshwa kila sauti ni mgeni.

Na wageni wakaja. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kikatoka mwaka 1870. Hawa walikuwa wanajifunza lugha wakiwa watu wazima, wakiwaandikia wageni wenzao, na walitumia herufi za Kirumi zilizozaliwa kwa ajili ya lugha nyingine kabisa. Tena walitegemea mitambo ya chapa. Hapa mbunifu wa leo asikilize vizuri. Wakati ule kila herufi ilikuwa kipande cha risasi ndani ya kasha la mbao. Kutaka herufi mpya maana yake ni kumlipa fundi aichonge, aimimine, aitume kwa meli, tena katika kila ukubwa na kila mtindo unaoutumia. Ritifaa, kwa upande wake, ilikuwa tayari ndani ya kila kasha lililotoka Uingereza. Ukiniuliza mimi, nusu ya maamuzi ya tahajia zetu yanaeleweka vizuri zaidi ukichungulia ndani ya kasha hilo kuliko ukisoma vitabu vya sarufi.

Hata hivyo njia mbadala ilikuwepo. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilipendekeza alfabeti ya pamoja kwa lugha za bara hili, na humo sauti yetu ilipewa herufi yake kamili: ŋ, yaani n yenye mkia. Toleo lililorekebishwa la pendekezo hilo lilitoka mwaka 1930. Mwaka huohuo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja. Kiswahili sanifu hakikuuchukua mkia ule. Kilibaki na sh, ch, dh, gh, ny na ng’, yaani kila kitu kinachopatikana kwenye taipureta ya Kiingereza bila kuongeza hata kitufe kimoja.

Majirani zetu Waganda walichagua tofauti. Tahajia ya Luganda iliyosanifishwa mwaka 1947 inayo ŋ, herufi nzuri, safi, moja kwa sauti moja. Lakini taipureta nyingi hazikuwa nayo, na baadaye kibodi nazo vilevile, kwa hiyo hadi leo watu wengi wanaandika tu ng’. Basi usiwacheke wazee wa kamati.

Tatizo ni kwamba taipureta iliwaachia wajukuu deni. Mashine hiyo ilikuwa na kialama kimoja kilichonyooka wima, kikifanya kazi ya ritifaa, ya kufungua nukuu na ya kuifunga. Haikudhuru, maana mpanga herufi kule kiwandani alipopokea maandishi ya taipureta alijua kuweka ritifaa iliyopinda. Mfumo wa ASCII wa mwaka 1963 ulirithi kialama hicho kilichonyooka na kukipa namba 39. Kisha kompyuta ikamwondoa mpanga herufi, na kazi yake ukakabidhiwa wewe, bila taarifa.

Unicode leo inazo angalau tatu za kuchanganya: iliyonyooka (U+0027), iliyopinda (U+2019), na nyingine inayofanana na iliyopinda ila inahesabiwa kuwa herufi (U+02BC). Kinadharia ya tatu ndiyo hasa tungeihitaji. Kiutendaji karibu hakuna anayeiandika. Kwa hiyo tumia iliyopinda kwenye maandishi ya kusomwa, na kamwe usiweke kile kimkwaju cha juu kinachotumika Kifaransa. Chungulia nafasi kati ya g na o kwa ukubwa utakaoutumia: kwenye fonti nyingine ritifaa huacha pengo hadi neno linaonekana mawili. Na mwisho wa mstari, silabi ni ng’o-mbe. Programu iliyoachiwa kanuni za Kiingereza inaweza kukukatia ng’om-be.

Kwa wapenzi wa mashairi kuna mtego mbaya zaidi. Mshairi akibana mizani kwa inkisari, akaandika ’mekuja au ’kipenda, ritifaa inaanza neno. Programu inayopindisha alama yenyewe hudhani nukuu imefunguliwa, inaigeuza: ‘mekuja. Jicho linasubiri nukuu ifungwe, na haifungwi. Diwani nzima inaweza kuchapwa hivyo, beti baada ya beti, na mhariri asione kwa sababu kwenye skrini yake ni vinukta tu.

Halafu kuna majina. Ng’ang’a, Nyong’o, Murang’a. Anwani ya tovuti haikubali ritifaa. Alamareli kwenye mitandao hukatika palepale ilipo. Fomu nyingi zimeandikwa na mtu aliyeiogopa alama hiyo kwa sababu za kiusalama, basi hukujibu kwamba jina lako lina herufi zisizoruhusiwa. Mtu anaishia kuwa Nyongo kwenye kadi moja na Nyong’o kwenye nyingine. Dawa ipo na ni rahisi, kuiambia programu izichukulie zile ritifaa tatu kuwa kitu kimoja inapotafuta. Bila hiyo, tafuta jina lenye ritifaa iliyonyooka kwenye orodha iliyoandikwa kwa iliyopinda, nayo inaweza kukujibu kwa upole kabisa kwamba mtu huyo hayupo.